Glavu za Askofu wa Ghala

Basi lilikuwa linakwenda kwingine kabisa. Liliharibikia katika mji huu Jumatatu asubuhi, mkabala na safu ya vibanda vya mafundi. Dereva akafungua boneti, akachungulia ndani kama mtu anayetazama kisima kilichokauka, akatangaza kwamba kipuri kitaletwa kesho, au keshokutwa. Abiria wakatawanyika wakinung'unika. Mmoja wao, mtu wa safari nyingi ambaye mkanda wa begi lake ulikuwa umekatika, akavuka barabara akifuata mlio wa cherehani.

Fundi alimwona akija. Hakumtazama uso kwanza; yeye huanza na mabega. Haya yalikuwa mabega ya mtu aliyezoea kubeba vyake mwenyewe, upande wa kulia zaidi.

"Huo mkanda ni dakika kumi," alisema kabla hajaulizwa.

"Mimi nina mpaka kesho."

"Basi kaa. Ila hiyo nyeupe usiikalie."

Hiyo nyeupe ilikuwa hariri, imekunjwa juu ya benchi ndani ya shuka safi. Mgeni akakaa kwenye kigoda. Fundi akashona mkanda, akautazama, akaufumua, akaushona tena. Mguu wake haukutulia kwenye pedali. Kila baada ya dakika mbili alinyanyuka kwenda mlangoni, akatazama barabara, akarudi. Ungedhani anamngoja mdai, lakini Fundi hakuwa na deni la mtu. Alikuwa na kazi mezani ambayo hakutaka kuimaliza na hakujua jinsi ya kuiacha.

Mji mzima ulimwita Fundi Kasula, kwa sababu ya vazi lile pana ambalo padri huvaa juu ya mengine yote anapokwenda altareni. Kwa miaka arobaini na mitano alishona kasula, stola za shingoni na alba, zile kanzu nyeupe za ndani, vitambaa vya altare na kanzu za mapadri. Suruali ya mtu hakuigusa. Aliyemfundisha alikuwa mtawa mmoja mkali ambaye watoto walimpa jina la Sista Sindano, naye Sista alikuwa na somo moja tu alilolirudia mpaka likaota mizizi. Alikuwa na karatasi ngumu za kukatia, kila vazi na karatasi zake, zilizochorwa na waliomtangulia. Mwanafunzi akiona kitambaa kimepungua, akanyoosha mkasi apunguze karatasi kidogo ili mambo yaende, rula ilimshukia vidoleni. "Kitambaa hufuata karatasi," alisema Sista. "Karatasi haifuati kitambaa." Sista alikufa zamani. Karatasi zilikuwa bado zimening'inia ukutani kwa Fundi, zimekuwa rangi ya chai, na hakuna hata moja iliyokatwa.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chake, na nyuma ya chumba chake, cha dada yake. Kati ya vyumba viwili palikuwa na mlango usio na bawaba, pazia tu. Dada alimzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki, Fundi akiwa na miaka minane, dada ndiye aliyemlea. Akaikataa posa moja, halafu ya pili, na ya tatu haikuja. Mama alizikwa kwa misa ya Kilatini, padri amewapa watu mgongo akitazama altare pamoja nao. Katika maneno yale mtoto hakuelewa hata moja, na dada mtu alimwambia sikioni, "Usihangaike. Anayeambiwa anaelewa." Tangu siku hiyo misa ile kwao ilikuwa sauti ya mama.

Parokia iliendelea kuwa na misa moja ya Kilatini kila Jumapili saa tatu, kwenye altare ya pembeni, mpaka miaka mitatu iliyopita, barua ilipotoka kwa Papa, ikapita kwa askofu, ikatua kwa paroko. Papa aliona kwamba misa mbili zilikuwa zinazaa makanisa mawili, watu wa huku wakiwaona wa kule wazushi. Kwa hiyo misa ya zamani isisomwe tena katika makanisa ya parokia. Paroko aliisoma barua ile akiwa ameinamisha kichwa. Jumapili iliyofuata watu sitini, dada akiwa mbele yao, walihamia kwenye ghala la zamani la magodoro nje ya mji. Huko alikuja kuwahudumia padri kijana wa shirika moja ambalo linamwombea Papa kwa jina katika kila misa, ila halimtii katika jambo hilo.

Fundi hakuhama, wala hakubaki. Saa moja alikuwa parokiani, saa tatu ghalani. Watu wa parokia walimwita mtu wa magodoro, na watu wa ghala walimwita mtu wa kinanda, kwa ajili ya kinanda kinachopigwa katika misa mpya. Fundi viatu wa kibanda cha jirani, ambaye dini yake ilikuwa kukaa mlangoni, alimwita popo.

"Popo, jana ulikuwa ndege au mnyama?" alimpigia kelele hata asubuhi hiyo, mgeni akiwepo.

"Jana nilikuwa na njaa," alijibu Fundi. "Misa mbili si mchezo."

Alicheka, lakini hakucheka sana. Jana hiyo paroko alikuwa amesoma barua nyingine, safari hii ya askofu.

Miezi miwili kabla, oda ilikuwa imetoka ghalani. Padri kijana aliiandika kwa mkono wake: kasula moja nyeupe, na dalmatika mbili. Dalmatika ni joho lenye mikono, na kwa kawaida fundi akiambiwa ashone mbili, anajua ni za watu wawili wanaomsaidia padri katika misa kubwa. Zao huwa nzito, zina bitana, na kila moja ina kipimo cha mwenyewe. Hizi ziliagizwa nyepesi, hariri tupu bila bitana, zote mbili kipimo kimoja. Padri kijana alidhani fundi ni fundi tu, ataona mita na sentimita basi. Lakini Fundi alisoma karatasi ile mara moja, akakaa. Majoho mawili mepesi ya kipimo kimoja huvaliwa na mtu mmoja, moja juu ya nyingine, chini ya kasula, na katika misa ya zamani mtu huyo ni askofu. Tena kipimo chenyewe kilisema bega la kushoto lishuke upana wa kidole. Fundi alilijua bega hilo. Alikuwa amelishonea kanzu tatu.

Kwa hiyo padri wa ghala alikuwa anakwenda kufanywa askofu, na Papa hakuwa na habari, au alikuwa nayo na hakukubali.

Alishona hata hivyo. Alijiambia nguo ni nguo. Kisha, wiki mbili zilizopita, dada alimletea karatasi nyingine: jozi moja ya glavu, zile anazovaa askofu katika misa ya zamani, hariri nyeupe, msalaba wa dhahabu nyuma ya kila kiganja. Alizikata siku hiyo hiyo, vipande vyote, hadi vile vyembamba vya katikati ya vidole. Mkono ukagoma hapo.

Mchana paroko alifika na baiskeli yake, alba iliyochanika pindo ikiwa kwenye kapu. Alikuwa mtu mzito, mwenye uchovu wa kuzika watu wengi. Alimsalimu mgeni, akaketi, akaiona hariri benchini, akageuza uso upande wa barabara.

"Baba Paroko," alisema Fundi, "ile barua ya jana. Anayemfanya mwenzake askofu bila idhini ya Papa anajitoa katika Kanisa, na anayefanywa naye anajitoa."

"Ndivyo ilivyosema."

"Na waumini wanaojiunga nao kwa moyo wote, hatari ni hiyo hiyo."

"Ndivyo."

"Na anayeshona?"

Paroko alijikuna shingo. "Sheria haikumtaja fundi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umebaki wewe na dhamiri yako, na mimi sikuonei wivu." Akaegemea ukuta. "Unadhani mimi sikuipenda ile misa? Nilipadrishwa nayo. Nilipoiondoa pale pembeni, nilirudi chumba cha sakristia nikakaa saa nzima. Lakini Papa akisema, mimi ni nani? Nikianza kuchagua la kutii, kesho kila mtu kigangoni atachagua lake, na mimi nitawaambia nini?"

"Alba nitaimaliza Alhamisi," alisema Fundi, akimsindikiza hadi kwenye baiskeli.

Baiskeli ilipopotea, alizunguka chumba kama kuku aliyepoteza kiota. Mwishowe akapanda kigoda, akashusha kutoka juu ya kabati kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi, kilichokuwa cha Sista. Mgeni alikuwa ameshasema katika maongezi kwamba amekaa nchi nyingi na lugha zimemganda kama matope ya viatu, Kilatini kikiwemo, cha kuokoteza.

"Nisomee hapa," alisema Fundi. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilishika kitabu kama hiki askofu alipokuwa anawekwa wakfu. Mwanzo kabisa, kabla ya lolote, kuna mzee alisimama akasoma barua yenye muhuri wa lakiri. Sijawahi kujua ilikuwa ya nini."

Mgeni alisoma taratibu, kidole kwenye mstari. Kitabu kilisema hivi: anayetaka kumweka mwenzake wakfu anauliza kwanza, Mnayo barua ya Papa? Wanamjibu, Tunayo. Naye anasema, Isomwe. Baada ya hapo ndipo mambo yanaanza.

"Na kama hawanayo?"

Mgeni akageuza ukurasa, akarudi. "Haijaandikwa. Kitabu hakikufikiria hilo."

Fundi alikifunga kitabu, akakishikilia kifuani muda mrefu. Usiku ule Fundi aliihamisha hariri, na mgeni akalala dukani, juu ya benchi.

Jumanne saa nne padri kijana alikuja kujipima. Alikuwa mwembamba, msafi, mwenye adabu ya kweli. Alimwamkia Fundi shikamoo, akaacha viatu mlangoni bila kuambiwa. Dada aliingia naye, akajiegemeza kwenye fremu ya mlango kupumzisha goti lake bovu. Padri akavaa joho la kwanza, na la pili juu yake. Yalimkaa kama maji. Hata bega lilipotea.

"Fundi, Mungu akulipe," alisema. "Na glavu?"

"Nina swali kwanza, Padri. Siku hiyo, kitabu kikiuliza mnayo barua ya Papa, mtajibu nini?"

Padri alimtazama. Dada akasema haraka, "Mdogo wangu, mpime mtu aende."

"Muache, Mama," alisema padri. "Ni swali la haki. Fundi, tuna askofu mmoja tu anayetupadrishia. Ana miaka themanini na minane. Akifumba macho, hakuna padri mpya. Bila padri, misa ya mama yenu inakufa na sisi wenyewe. Tutakaa tu tuitazame ikifa?"

"Mliomba hiyo barua?"

"Tuliomba mara tatu. Ya kwanza walijibu tusubiri. Ya pili kimya."

"Ya tatu?"

"Kimya."

"Kimya si barua, Padri."

"Ndiyo maana tumeandika tamko. Kurasa tatu. Kitabu kikiuliza, tutajibu tunayo, tusome hilo. Kwamba Kanisa la siku zote, katika hali ya lazima, linatuamuru tusiiache imani ife."

"Aliyeandika tamko ni Papa?"

"Ni sisi."

Fundi alienda ukutani, akaligusa rundo la karatasi za Sista, akarudi. Hakuweza kusimama mahali pamoja. "Mimi sikusoma seminari," alisema. "Nilikuja ghalani kwa sababu mlisema hamtabadilisha hata nukta. Paroko alipobadilisha, nililia kama mtoto, dada ni shahidi. Sasa nyinyi mnaanzia ukurasa wa kwanza."

"Ni kwa lazima, Fundi."

"Paroko naye alisema lazima."

Padri aliinamisha macho. Alianza kuvua joho la juu, polepole, asije akakwaruza hariri. "Unataka tufanye nini?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kushindana tena. "Niambie wewe. Watu sitini wale niwaambie nini?"

"Sijui," alisema Fundi. "Lakini kitambaa kimepungua, na nyinyi mmeshika mkasi kwenye karatasi. Hilo mkono wangu haulijui. Majoho na kasula chukueni, hariri ni yenu na nilishona nikijua ni za nani. Glavu sishoni."

"Vipande basi?" aliuliza dada. "Vipande vipo?"

"Vipo. Mpe mwingine."

"Mwingine nani? Nani mwingine mji huu anajua kushona kidole cha askofu?"

Padri alimgusa mkono. "Mama, askofu hata bila glavu ni askofu. Vibaki hapa. Basi letu linaondoka Alhamisi saa mbili, Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Fundi akibadili nia, anajua tulipo." Akavaa viatu, akamuaga kila mmoja, hata mgeni, akaondoka na majoho na kasula mikononi kama anayembeba mtoto aliyelala.

Dada alibaki mlangoni.

"Nilikulea," alisema.

"Ulinilea, dada."

"Nilikufundisha kujibu misa hata kabla hujajua kufunga kifungo. Leo unamuuliza padri maswali kama karani wa mahakama, mbele ya mpita njia."

"Swali si langu. Limeandikwa."

"Papa ndiye aliyetufukuza. Sisi hatukwenda popote. Tumesimama pale pale aliposimama mama, yeye ndiye aliyesogea."

"Labda alisogea. Lakini tukimuombea kwa jina kila Jumapili, halafu siku ya siku tunasema tunayo barua yake wakati hatunayo, hilo litakuwa nini, dada? Mama angeliitaje?"

Dada alimgeuzia mgongo. Alipita pazia, na baada ya kitambo mgeni na Fundi walisikia kabati la chumbani kwake likikokotwa sakafuni, likisimama, likikokotwa tena na mwanamke wa miaka sabini na tano mwenye goti bovu, mpaka likaziba mlango wote. Fundi alisimama mikono imening'inia. Alitaka kwenda kumsaidia kulisukuma.

Jumatano kipuri kilifika. Basi likanguruma, abiria wakaitwa, mgeni hakupanda; alichukua ufagio akafagia duka. Siku nzima Fundi alishona alba ya paroko, akafumua pindo, akashona. Alitoka kununua uzi aliokuwa nao tayari. Alikwenda hadi kona ya parokia akarudi, akaenda hadi njia ya ghala akarudi. Fundi viatu alimhesabu.

"Popo, mara ya saba hiyo. Utachimba mtaro."

"Nenda kashone viatu."

"Viatu vyenyewe vyako, soli imekwisha."

Upande wa pili wa kabati dada alisali rozari kwa sauti, kama kawaida yake, na alipofika mahali ambapo Fundi huitikia, aliacha nafasi. Fundi aliitikia. Nafasi ziliendelea kuachwa, naye akaendelea kuzijaza, hadi mwisho. 

Alhamisi saa moja na nusu dada alitoka kwa mlango wa nje, amevaa shela yake nyeusi, begi mkononi. Safari ilikuwa ya mwendo wa saa tisa. Mguu ulikuwa umevimba. Alijifanya hauumi. Fundi alikuwa ameshafunika cherehani. Alikuwa amevaa koti la Jumapili, na mfukoni mlikuwa na vidonge vya dada vya presha, alivyoviona vimesahaulika dirishani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza dada.

"Unakokwenda."

Macho yake yalitaka kung'aa. "Umebadili nia?"

"Hapana."

"Basi utafanya nini huko?"

"Nitakushikia begi mpaka langoni. Nitakaa nje. Ukitoka, nitakushikia begi kurudi."

"Paroko atakuona umepanda basi letu."

"Atakuwa ameona mtu amepanda basi."

"Watu watasema."

"Wameshasema."

Dada alihamisha begi mkono wa pili. "Nikitoka mle ndani, mdogo wangu, kwenu nitakuwa mtu wa nje. Unalijua hilo? Utakuwa unaishi na mtu wa nje."

"Najua," alisema Fundi. "Ndiyo maana siwezi kukuacha uende peke yako."

Alilichukua begi. Hakunyang'anya, wala hakuachiwa kwa hiari. Kisha akamgeukia mgeni, aliyekuwa amesimama mlangoni hajui ashike nini, akampa ufunguo wa duka.

"Narudi Jumapili. Paroko akija, alba yake ipo kwenye kigoda, pindo nimelishona mara tatu, asilivute. Akiuliza niko wapi, mwambie kweli. Na mtu akiulizia glavu, mwambie hazijashonwa."

Vipande vilikuwa mezani, vidole kumi vya hariri chini ya kopo la chaki visipeperuke.

"Popo anaruka mchana," alisema fundi viatu, lakini taratibu, na alipokuwa akisema alinyanyuka akamfungulia dada njia kati ya viatu vyake.

Basi la kukodi lilikuwa limejaa watu wa ghala. Walimtazama Fundi, wakageukia madirisha. Padri kijana, kiti cha mbele, alivuta miguu akampisha. Dada alikaa dirishani, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha kando, akautazama, akausogeza miguuni. Fundi akakaa. Basi lilipogeuka, aliona kupitia bega la dada yake duka lake likirudi nyuma, na mgeni mbele ya mlango akihangaika na kufuli, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba ufunguo ule huzungushwa kinyume, na hakuwa amemwambia.